Nyangumi Hafuatwi, Husubiriwa

Wageni wanaotoka Laguna San Ignacio, hori la pwani ya Pasifiki nchini Mexico, husimulia kisa kinachofanana: nyangumi wa kijivu, mama mwenye urefu karibu mara mbili ya boti waliyopanda, alikuja mwenyewe hadi ubavuni pamoja na ndama wake, wakamgusa. Ukiuliza imewezekanaje, utaambiwa nyangumi wa huko ni wapole. Jibu hilo halitoshi. Nyangumi wa jamii hiyo hiyo, katika maji ya jirani, waliwahi kuvunja mashua na kujeruhi mabaharia. Upole wao una sharti, na sharti lenyewe liko mkononi mwa nahodha.

Katika msimu wa 1857–58, nahodha Mmarekani Charles Scammon aliingia kuwinda katika hori la Ojo de Liebre, kaskazini ya San Ignacio. Wawindaji walikwishagundua kwamba mama hamwachi ndama wake, basi wakawa wanamfuata ndama ili wampate mama. Mama naye aligeuka na kupiga mashua kwa mkia. Mabaharia wakampa jina la samaki shetani. Zaidi ya karne moja baadaye, wavuvi wa San Ignacio bado walikuwa wakimkwepa. Ndipo mwaka 1972 mvuvi Francisco Mayoral, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pachico, alipojikuta na nyangumi ubavuni mwa boti yake ndogo. Nyangumi hakuondoka. Mwishowe Mayoral akanyoosha mkono, akamgusa. Yeye na wavuvi wenzake ndio waliojenga ufundi wa kumkaribia nyangumi tunaouchambua hapa, na ufundi huo una mambo makuu manne.

La kwanza ni wakati. Nyangumi wa kijivu hula majira ya joto katika bahari za Aktiki, kisha hushuka hadi mahori ya Baja California kupandana na kuzaa. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 16,000 hadi 20,000. Msimu wa kuwatazama San Ignacio huanza Januari na kuishia Aprili, lakini miezi hiyo hailingani. Mwanzoni mwa msimu, mama aliyetoka kuzaa hukaa ndani ya hori, mbali na msongamano, na ndama wake wa mita 4 na nusu bado anajifunza kuogelea. Kufikia Machi, madume na majike wasio na watoto wameanza kurejea kaskazini, hori limepungua fujo, na ndama wamepata nguvu na udadisi. Hapo ndipo visa vingi vya kugusana hutokea. Sehemu ya juu ya hori, ambako ndama hulelewa, imefungwa kwa watalii. Boti zote hufanya kazi upande wa mlango wa bahari, kwa hiyo nyangumi anayefika pale amekuja kwa hiari yake.

La pili ni namna ya kukaribia. Mtazame nahodha akiwa kazini. Amekaa tezi, mkono kwenye mpini wa mashine, macho yakitafuta mvuke wa pumzi juu ya maji. Akiuona, haelekezi omo kwa nyangumi. Anapunguza mwendo hadi boti inaacha nyuma yake wimbi dogo tu, kisha anakwenda sambamba naye, kwa ubavu, upande ule ule anakoelekea. Akimfuata kwa nyuma, atakuwa anamkimbiza, na akimtangulia atakuwa amemzibia njia. Kupita kati ya mama na ndama ni mwiko, kwa sababu ndama ndiye aliyekuwa chambo cha wawindaji wa enzi za Scammon. Nyangumi akizama muda mrefu au akibadili uelekeo, nahodha humwacha, akatafute mvuke mwingine. Nyangumi akipunguza mwendo na kugeukia boti, nahodha hutoa gia. Kuanzia hapo boti inakwenda na mkondo, na uamuzi ni wa nyangumi.

La tatu linawashangaza wageni wengi: nahodha ametoa gia, lakini mashine hajaizima. Mtu angedhani kimya ndicho kingemvutia mnyama. Watafiti waliofanya kazi katika hori hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliona kinyume chake: nyangumi wadadisi walivutwa na mngurumo wa taratibu wa mashine za boti, na mara nyingi mashine ilipozimwa walipoteza hamu. Sababu moja iko wazi kwa yeyote anayeyajua maji yale. Hori lina mchanga na matope, kuona mbali chini ya maji ni shida, na nyangumi hutegemea sana masikio. Mngurumo usiobadilika ni hodi: unamwambia boti iko wapi, na kwamba imetulia. Boti iliyo kimya anaweza kuikuta kichwani pake anapoibuka, na mashine inayowashwa ghafla humshtua. Kwa mnyama wa tani 30 aliye na mtoto pembeni, mshtuko mmoja unatosha kuileta hatari iliyowakuta mabaharia wa zamani.

La nne ni hesabu. Sheria inaruhusu boti 16 tu kwa wakati mmoja katika eneo la kutazamia, na kila safari hupewa dakika 90. Kuogelea na nyangumi hakuruhusiwi, na uvuvi ndani ya hori husimama msimu mzima. Hesabu hii ndiyo inayoyafanya yale mengine yawezekane. Nahodha anayejua hakuna boti ya 17 itakayomwahi hana sababu ya kukimbia. Wangekuwa 40 wanaogombea mvuke mmoja, hata aliye fundi kuliko wote angelazimika kuongeza mwendo.

Ndani ya boti kuna kazi nyingine ndogo ila ya lazima. Abiria kumi wakikimbilia upande mmoja na simu zao, boti inalala. Kwa hiyo nahodha huwagawa mapema, wa kushoto na wa kulia, na kuwaambia wasubiri zamu. Wakigusa, waguse kwa kiganja, mbali na macho na tundu la pumzi.

Ufundi huu una mipaka yake. Idadi ya nyangumi wa kijivu wa upande huo wa Pasifiki ilikadiriwa kuwa karibu 27,000 mwaka 2016. Kufikia 2023 makadirio yalishuka hadi karibu 14,500, huku wengi wakikutwa wamekufa wakiwa wamekonda kwa sababu chakula cha Aktiki kimeyumba. Mama anayenyonyesha horini ni mwenye njaa, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Boti iliyotulia haitamletea chakula, lakini inayomkimbiza inamwongezea gharama asiyoweza kuilipa.

Kwetu nako nyangumi wapo. Kila msimu wa kusi, hasa Julai hadi Septemba, nyangumi wa nundu hupanda kutoka maji ya Antaktiki hadi Mtwara, Mafia, Unguja, Kilifi na Watamu. Kuiga kugusa litakuwa kosa. Huku ni bahari ya wazi yenye mawimbi ya kusi, na nyangumi wa nundu huruka juu na kuanguka na uzito wake wote. Nchi nyingi huzitaka boti zikae angalau mita 100 mbali naye. La kuiga ni ukomo wa boti, ukomo wa dakika, na mwendo wa sambamba. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, imekwishatuonyesha gharama ya kukosa hesabu. Boti nyingi huzunguka kundi moja la pomboo, wageni wanarukia majini mbele yao, na utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba boti zinapokuwepo pomboo husafiri zaidi na kupumzika kidogo.

Ukienda kutazama nyangumi msimu huu, muulize nahodha maswali mawili kabla hujalipa: boti ngapi zitakuwa kwa nyangumi mmoja, na mtakaa naye dakika ngapi? Anayekuahidi kukufikisha karibu kwa vyovyote vile, mpe asante yake, utafute boti nyingine.