Mchua Misuli wa Nyanda za Juu Kusini

Mchua misuli wa timu ya mpira huonekana na watazamaji kwa dakika chache, mchezaji anapobanwa na misuli, lakini kazi yake kubwa hufanyika kabla na baada ya mchezo. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni hukaza mapaja mapema. Safari nazo huchosha: kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na wachezaji wengi huzimaliza wamekunja miguu ndani ya basi.

Hata hivyo, timu za nyanda hizi zimewahi kung'ara: Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na Lipuli ya Iringa wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2019. Wafungaji hukumbukwa, waliowachua miguu hawatajwi, jambo lisilo la haki.

Kazi yenyewe huanza hivi: mikono hupakwa mafuta, kisha viganja husukuma taratibu kutoka kifundo kuelekea moyoni. Vidole gumba hufuata, vikitafuta mahali palipokakamaa. Kigimbi kilichobana hunyooshwa kwanza, ndipo kikandwe.

Ustadi mkubwa zaidi ni kujua pa kutogusa. Jeraha jipya halichuliwi: huwekewa barafu, hufungwa bandeji, na mguu huinuliwa. Kigimbi kilichovimba na kuuma bila kugongwa hupelekwa kwa daktari bila kukandwa, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.