Kwa sambaza: nyumba ya chakula kimoja mujini Bukavu

Tukizungumza juu ya mila na desturi zetu, mara nyingi tunakimbilia ngoma, mahari, majina ya watoto na hadithi za wazee. Chakula tunakiacha nyuma, zaidi kile kinachouzwa. Wengi wanawaza kwamba desturi inaisha pale mutu anapotoa pesa. Mimi naona sivyo. Mu muji kama Bukavu, ambamo Mushi, Muhavu, Murega na Mufulero wanakaa avenyu moja, ni mezani pa mama muuzaji ndipo desturi nyingi zinapimwa kila siku. Ndiyo maana ningependa tuchunguze pamoja nyumba moja ya kulia, namna tunavyochunguza kitabu ao mchezo wa kuigiza: inaahidi nini, inatimiza nini, na inakosea wapi.

Nyumba yenyewe iko Kadutu, si mbali na soko. Haina kibao mlangoni. Watu wanasema tu "twende kwa sambaza", na kila mutu anaelewa. Ndani kuna meza ndefu, mabenchi, ndoo ya maji yenye robine, na sabuni. Hakuna karatasi ya kuchagulia chakula, kwani hakuna cha kuchagua: ni sambaza mbichi za kukaanga, bugali, ndimu, pilipili na chumvi. Unachagua tu bugali ya muhogo ao ya mahindi. Sombe inakuja kidogo pembeni, bila kuhesabiwa. Basi.

Kuna wenye kudharau nyumba za namna hii. Wanauliza: mutu aache jiko la bibi yake, atembee mu matope ya Kadutu, ili akule kitu kimoja tu? Jibu langu ni hili: penye vyakula 20, mupishi anaweza kujificha. Nyama iliyobaki jana inakuwa supu leo, na supu ya leo inakuwa mchuzi wa kesho. Mwenye chakula kimoja hana pa kujificha. Na sambaza ni samaki isiyovumilia uongo. Inavuliwa usiku, inafika sokoni asubuhi, na ikipata jua bila kukaushwa, tumbo linapasuka na ladha inageuka uchungu. Hata mtoto ataisikia mu kinywa.

Kwa upande wa upishi, nyumba hii inastahili sifa. Mama anaosha samaki mu maji mengi, anaziacha zichuruzike vizuri, anatia chumvi, kisha anazimwaga mu mafuta ya moto kidogo kidogo, mukono mumoja kwa mara. Wapishi wenye haraka wanamwaga beseni nzima. Mafuta yanapoa, samaki inayanywa na kulegea. Hapa inatoka kavu, inalia mu meno, na unaikula nzima, kichwa na mifupa, bila kutupa kitu. Mafuta yakianza kuwa meusi, anayabadilisha. Hiyo ni gharama, na wengi mu kazi yake wanaikimbia.

Lakini sifa kubwa zaidi haiko mu karai. Iko mu neno moja: "hakuna". Wavuvi wetu wanaenda ziwani usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende sawa. Wanawasha taa, samaki zinakusanyika chini ya mwangaza, halafu wavu uliotandikwa chini unavutwa juu. Mwezi ukiwa mupevu, taa haina nguvu tena. Samaki zinatawanyika na mitumbwi inarudi karibu mitupu. Siku hizo, ukiingia pale Kadutu, utaambiwa wazi: "Leo hakuna, papa. Mwezi inangara. Mutarudia wiki ingine." Mu makomine yote kuna tomson, ile samaki ya barafu inayotoka bahari za mbali, na mama angeweza kuikaanga, aiite chakula cha siku. Hafanyi hivyo. Watoto wetu wanajifunza hali za mwezi kwa Kifaransa, wanazichora vizuri ubaoni, lakini wachache wanajua kwamba mwezi huohuo unaamua watakula nini jioni. Nyumba hii inawafundisha bila chaki.

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu sana mu kitabu hiki. Wateja wa pale wanapenda kusema kwamba sambaza ni chakula cha mababu. Hapana. Sambaza, ile ambayo wataalamu wanaita Limnothrissa miodon, ni samaki ya Ziwa Tanganyika. Ililetwa mu Ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960, mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji. Ziwa letu lina kina cha mita 485, lakini maji ya chini yamejaa gesi na hayana hewa ya kupumua. Samaki zinaishi tu mu tabaka la juu. Zamani samaki za Kivu zilikaa hasa karibu na ufuko. Katikati ya ziwa palikuwa na chakula kingi cha vijidudu vya maji, na samaki ya kukikula ilikosekana. Ndipo vitoto vya samaki vikatolewa kusini na kumwagwa huku. Uvuvi mukubwa ulikuja karibu miaka 20 baadaye. Kwa hiyo muzee aliyezaliwa 1945 alikuwa tayari kijana mbele sambaza ianze kuogelea Kivu. Ndugu zetu wa Uvira wana haki ya kutuchekelea kidogo tunapojivunia mali iliyotoka kwao.

Je, tuiondoe basi mu orodha ya desturi zetu? Tukifanya hivyo, tutaondoa pia mahindi na muhogo, vilivyotoka Amerika, na bugali yenyewe itabaki jina tupu. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sambaza ni mgeni wa namna hiyo. Desturi haiko mu umri wa samaki. Iko mu namna tulivyomupokea mgeni huyo: nyimbo za wavuvi, kungoja mwezi, mama wanaosubiri mitumbwi alfajiri, kunawa mikono pamoja, na mpango wa kugawana. Hicho ndicho kinaweza kupotea hata samaki ikiendelea kuwepo.

Na hapa naanza kukosoa. Kwanza, kugawana. Zamani nyumba hii ilikuwa inaleta sinia moja kwa watu wanne. Kila mutu alikula upande wake, bila kurukisha mukono kwa mwenzake, na mukubwa aliacha samaki za mwisho kwa mudogo. Ilikuwa masomo ya adabu, hata kati ya watu wasiofahamiana. Tangu korona ya 2020, kila mutu anapewa sahani yake. Sababu ya afya ilikuwa nzuri, siipingi. Lakini ugonjwa ulipopita, sahani zilibaki, juu ni rahisi zaidi kuhesabu pesa. Ajabu ni kwamba ugumu wa maisha umeanza kurudisha kile biashara ilichoondoa: M23 ilipoingia mujini mu mwezi wa pili wa 2025 na benki zikafunga milango, niliona watu wawili, hata watatu, wakinunua sahani moja na kuizunguka. Walikuwa wanakula kwa uangalifu uleule wa zamani. Sinia ingerudi basi kwa wenye kuitaka, si kwa sababu ya njaa tu.

Pili, na hili ni kosa zito. Kuna siku sahani inajaa samaki ndogo kama sindano. Hizo hazikutoka katikati ya ziwa. Zimevuliwa kando, kwa chandarua cha mbu, mahali ambapo watoto wa sambaza wanakomalia. Chandarua hicho kimekatazwa, na kila mutu mu soko anajua. Mama anasema ni wateja njo wanazipenda, juu ni rahisi na zinalainika. Ni kweli, tunazipenda. Mutu anayefurahia sahani ile ya sindano anakula sahani kumi za mwaka ujao kwa mara moja. Samaki tuliyopewa ndani ya maisha ya wazazi wetu inaweza kutoka ndani ya maisha ya watoto wetu, na hatutaweza kusema ni mukoloni aliyeichukua.

Mwanamuke aliye na nguvu ya kumwambia mteja "hakuna" juu ya mwezi anaweza kumwambia "hakuna" juu ya chandarua. Ukali alionao kwa tomson autumie pia kwa samaki changa. Na sisi wateja tuulize, kabla ya kukaa: leo zimetoka ku wavu gani? Swali hilo likiulizwa na watu kumi kwa siku, litafika mpaka ufukweni kuliko mkutano mwingi wa wakubwa.

Kama ingekuwa kazi ya mwanafunzi wangu, ningeandika 14 juu ya 20. Alama mbili nimezikata juu ya sinia. Nne nimezikata juu ya samaki ndogo, na hizo ninatamani sana kuzirudisha. Muende pale siku mwezi haujatoka, mukule, na muulize lile swali.