“Saa ni saa”? Kusoma vizuri karatasi za bei za shule za urubani

Wandugu wa chama, wiki hii sileti riwaya wala filamu. Naleta karatasi. Ni ile ya rangi mbili, yenye picha ya kijana anayecheka ndani ya ndege ndogo, ambayo imezunguka sana katika simu zetu: maliza masaa yako kwetu, bei ya chini kuliko wote. Niko nazo nne, za shule nne za nchi nne. Nataka tuzisome vile tulifundishwa kusoma maandishi yoyote: nani anasema, anasema na nani, na amenyamazia nini.

Mimi hapa siko mtazamaji. Niko na leseni ya urubani wa kibinafsi na masaa 71 katika kitabu. Papa aliuza kiwanja cha Katuba juu nifike hapo, na makuta iliyobaki inatosha kununua masaa mara moja, hapana mara mbili.

Hesabu kwanza, juu wengi wanaisikia nusu. Kipimo cha dunia, kile cha ICAO, kinadai masaa 200 kwa leseni ya biashara, ao 150 kama umesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Ndani ya zile 200, masaa 100 lazima uwe wewe mwenyewe rubani mkuu. Kuna pia masaa 20 ya safari za mbali, na moja ya safari hizo isipungue kilomita 540, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Marekani, kwa njia ya kawaida, wanadai 250. Sasa mtu anatoka na leseni ya kibinafsi akiwa na masaa 60 ao 70. Anabaki na pengo, na pengo hilo njo soko. Karatasi zote nne zinaliuza vile mama anauza mahindi: kwa kilo.

Moja imeiandika wazi kwa herufi kubwa: SAA NI SAA. Zingine tatu hazisemi, lakini zinaisema. Njo sentensi ninayoikosoa.

Tuanze na bei, juu hapo njo macho yetu yanakimbilia. Bei kwa saa, lakini saa ya nini? Kuna shule zinahesabu toka injini inapowaka. Kuna zingine zinahesabu kwa kipimo kinachofuata mzunguko wa injini, na hicho kinatembea polepole ukiwa chini. Kuna bei yenye mafuta ndani na bei isiyo na mafuta. Karatasi moja kati ya nne haisemi kabisa, na ndiyo ya bei rahisi. Ada ya kutua, ada ya mwalimu wa kukupima kabla hawajakupa ndege, bima: zote ziko ku ukurasa wa pili, maandishi madogo kama mchele.

Lakini kosa kubwa haliko ku ada. Shule nilikosomea mara ya kwanza, jina lake nalifunga mdomoni, ilikuwa na bei nzuri kweli. Nilifika nikakuta ndege mbili kati ya nne ziko chini, zinangojea vipande. Nilikaa wiki sita nikaruka masaa tisa. Chumba nililipa wiki sita. Chakula, wiki sita. Visa nayo ilikuwa inakwisha. Ukigawanya makuta yote niliyotoa kwa yale masaa tisa, ile bei nzuri ilikuwa imepita bei ya shule ya ghali katika mji uleule. Hakuna karatasi inayoandika ndege ngapi zinaruka leo na wanafunzi wangapi wanazigombania. Ukitaka kujua swali la kwanza la kuuliza, ni hilo.

Halafu, hata saa iliyorukwa haiko sawa na nyingine. Kwa sheria, muda wa safari unaanza ndege inapotembea ili iruke mpaka isimame mwisho wa safari. Kwa hiyo dakika 25 za kungoja zamu nyuma ya ndege sita kwenye uwanja wenye msongamano, kama Wilson ya Nairobi asubuhi, zinaingia katika kitabu. Ni halali. Umelipa, umeandika, lakini umejifunza kukanyaga breki. (Sisemi Wilson ni mbaya. Mtu aliyezoea kuongea na mnara wa pale hatatetemeka mbele ya mnara mwingine.)

Karatasi ya Florida njo inapendeza kuliko zote. Bahari, jua, ndege nyingi, sehemu za injini karibu, redio ya Kiingereza toka asubuhi hadi jioni. Hilo la Kiingereza si dogo kwetu tuliosoma kwa Kifaransa: bila kiwango cha 4 cha ICAO, safari za kimataifa zinakufungia mlango. Naikubali sifa hiyo. Lakini pale ardhi iko tambarare, karibu na usawa wa bahari. Kazi ya kwanza ya kijana wa kwetu itakuwa wapi? Kiti cha kulia ndani ya Caravan ao Let 410, na njia fupi ya udongo katikati ya milima. Uwanja wa Lubumbashi peke yake uko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Pale Wilson ni zaidi ya mita 1,600, na siku ya joto la nyuzi 27 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajisikia kama iko mita 2,500. Cessna 172 uliyoijua pwani, ile iliyoruka kama kipepeo, hapo inakula njia yote na inapanda kama mzee kwenye ngazi. Hilo halifundishwi na karatasi. Unalijua siku moyo unapanda mbele ya ndege.

Kuna pia ujanja halali wa Marekani ambao karatasi ile inaita “nusu bei”. Marubani wawili wanaingia ndege moja. Mmoja anavaa kofia isiyomruhusu kuona nje, anaruka kwa vyombo. Mwenzake anachunga anga. Sheria yao inakubali, kwa masharti, wote wawili waandike saa ileile kama rubani mkuu. Vizuri. Lakini ukibeba kitabu hicho Ulaya, saa ya yule mchungaji haihesabiwi hivyo. Umenunua kwa nusu bei kitu ambacho mpaka mmoja tu unaweza kukigeuza sifuri.

Hapo tunafika ku kile karatasi zote nne zimenyamazia. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 33, unasema nchi zitambue leseni za wenzao zikifikia kipimo. Wauzaji wanakipenda kifungu hicho. Kifungu cha 32 hawakitaji: nchi inaweza kukataa, kwa safari juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Yaani Mkongomani mwenye leseni ya nje hana haki ya moja kwa moja ya kuruka Kongo. Ni lazima apite mamlaka yetu ya anga, na pale wataangalia kitabu mstari kwa mstari. Baada ya Juni 2020, waziri wa anga wa Pakistan aliposema marubani 262 wa nchi yake wana leseni za kutiliwa shaka, na Ulaya ikafungia shirika lao la taifa ndani ya siku chache, nani atasoma kitabu kwa uvivu? Masaa ya kalamu, yale yanayoandikwa mezani, yapo. Shule inayokuuliza kwa tabasamu “unataka tuandike ngapi?” inakuuzia kesi.

Mtu ataniuliza: mbona si hapa kwetu? Ningependa. Lakini Avgas, mafuta ya injini ndogo za pistoni, kwetu ni shida na ghali, na Januari 2025 tuliona uwanja wa Goma ukifungwa kwa vita. Soroti kule Uganda, shule iliyoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, ingeweza kuwa jirani mzuri. Haijatuma karatasi yenye picha, njo maana hatuiongelei.

Mimi naelekea nyanda za juu za Afrika Kusini, Juni hadi Agosti, wakati anga ya pale ni kavu na siku za kuruka ni nyingi. Bei kwa saa ni ya tatu kati ya nne. Nimewaandikia kuuliza ndege ngapi zinaruka leo. Walijibu: tano, moja iko karakana, na wakataja lini itatoka. Nilimsomea Papa jibu hilo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanapokea malipo kwa vipande.