Heko kwa Mafundi wa Memori Kadi

Katika vibanda vya kutengeneza simu vya Umoja, Kayole na Donholm, jijini Nairobi, ipo kazi isiyopewa heshima inayostahili: kufufua kisanduku cha televisheni kilichokataa kuwaka, kwa kukiandalia memori kadi. Wapo wanaosema huko ni kunakili faili tu. Sivyo. Chipu za kampuni ya Allwinner, kwa mfano, hazitafuti faili kwa jina. Husoma kadi moja kwa moja mahali maalumu, kwa kawaida kuanzia kilobaiti ya 8, na programu ya kuwashia isipokuwa mahali zinapotafuta, kadi haina kazi hata ikijaa pomoni. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya kwanza, ya mwaka 2012, ina masharti mengine kabisa: inataka faili ya bootcode.bin katika sehemu ya kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT. Hata chipu zikifanana, imeji (nakala ya mfumo mzima) ya bodi nyingine yaweza kukwama kwa sababu RAM ni tofauti. Ndiyo maana fundi makini hufungua kisanduku na kusoma maandishi ya chipu yenyewe. Lebo ya nje hudanganya (na hudanganya sana).

Wengine watauliza: je, ujuzi huohuo wa kukiwekea kifaa mfumo upya haumfai mwizi wa simu? Humfaa, hilo halina ubishi. Lakini anayepokea kifaa bila kuuliza kilikotoka ahukumiwe yeye, si ufundi uliookoa vifaa vilivyokuwa njiani kwenda Dandora jalalani. Basi fundi akikutajia bei, usiipime kwa bei ya kadi.