Chuma na Shaba: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Kwa mazoea, "chuma" hutumika kwa maana ya metali yoyote, na "shaba" hubeba pia maana ya mchanganyiko wa shaba na zinki. Mazoea haya hayafai katika vitabu vya sayansi wala katika hati za serikali.

Historia yenyewe yatupinga. Tabora, ambamo imo Gongoni, palikuwa kituo kikuu cha misafara katika karne ya 19. Majembe ya chuma ya Wanyamwezi yalilimia, tena yalitolewa mahari. Shaba ya Katanga ilifuliwa bangili. Kila metali ilipewa kazi iliyoiwezea. Chuma ni kigumu, huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, nacho hushikwa na kutu. Shaba ni laini, huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na hupitisha umeme takriban mara sita kuliko chuma.

Basi mwalimu aandikapo kwamba "vyuma vyote hushika kutu", mwanafunzi huitia shaba humo. Naye mtumishi aagizaye "waya wa shaba" bila kufafanua aweza kuletewa usiofaa.

Tunapendekeza "metali" kwa jamii nzima, "chuma" kwa elementi yenye alama Fe, na "shaba" kwa yenye alama Cu. Mchanganyiko wa shaba na zinki uitwe "shaba nyeupe", kwa sharti kwamba kivumishi kisiachwe kamwe. Mazungumzo ya mtaani hatuyagusi. Tunachodai ni usahihi wa maandishi.