Utambi Ndio Mshumaa

Wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza mishumaa nyumbani hujishughulisha mno na nta, rangi yake na harufu yake, wakauacha utambi kuwa jambo la mwisho; walakini mishumaa tuliyoichunguza safari hii, iliyochovywa kwa mkono na watu wasiokuwa na ujuzi wa kazi hiyo, imetuthibitishia kwamba nta ni chakula tu, na mlaji wake, ambaye ndiye anayeamua mwanga utakuwa wa namna gani, ni utambi.

Nta yenyewe ilitoka katika misitu ya miombo ya Tabora, ambako warina asali hutundika mizinga ya magome mitini. Ilikuwa ingali na mabaki ya asali, gundi ya nyuki na vipande vya nyuki waliokufa, na takataka kama hizo zikiachwa huziba vinyweleo vya utambi hata moto ukafifia. Basi iliyeyushwa katika maji ya moto, ikachujwa kwa kitambaa cha pamba, ikaachwa ipoe taratibu. Na kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji, ikaelea na kuganda juu, asali ikabaki majini, na uchafu ulioshika upande wa chini wa kipande ukakwanguliwa kwa kisu. Sufuria ilikuwa ya alumini, maana chuma na shaba huiharibu nta rangi yake.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la digrii 62 hadi 64 za sentigredi. Haikuwekwa juu ya jiko moja kwa moja, bali chombo chake kilitiwa ndani ya sufuria ya maji, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti digrii 100, na joto hilo halitoshi kuifanya nta ishike moto. Hadhari hii si ya kupuuzwa: nta inayowaka haimwagiwi maji katu, kwani yatalipuka kuwa mvuke na kuutawanya moto, bali hufunikwa kwa kifuniko.

Sasa tuutazame utambi. Uzi wa pamba uliosokotwa tu husimama wima katikati ya ndimi za moto, mahali pasipofika hewa ya kutosha, kwa hiyo ncha yake hugeuka kaa na kutoa masizi, na zamani ilibidi mtu aikate kila baada ya muda. Dawa ilipatikana Ufaransa katika miaka ya 1820, mtu aitwaye Cambacérès alipotumia utambi uliosukwa, ambao kwa mvuto wa msuko wake hupinda kadiri unavyowaka, ncha ikatoka kando penye hewa na kuteketea ikawa majivu. Ndiyo maana watengenezaji wetu walisuka nyuzi tatu tatu, kisha wakauzamisha utambi ndani ya nta hata mapovu ya hewa yakaisha, ndipo wakaanza kuchovya.

Kuchovya nako kuna kanuni yake. Nta ilipowekwa karibu na digrii 70, kila tabaka lilishika sawasawa. Ilipozidi joto iliyeyusha tabaka la kwanza, na ilipopoa mno ikafanya mabonge. Njia hii yamfaa anayeanza kuliko kalibu, kwa maana nta ya nyuki hunywea inapoganda na hung'ang'ania kuta za kalibu, ilhali matabaka membamba hayana taabu hiyo.

Mishumaa ilipowashwa, hitilafu ikadhihirika. Mshumaa wenye utambi mwembamba ulizama katika nta yake ukazimika. Wenye utambi mnene ulifuka moshi na kuchuruzika. Ule wa wastani ulijaza kikombe chake cha nta bila kumwagika, ukawaka kwa utulivu, na nta ya mishumaa yote ilikuwa moja.

Hukumu yetu, basi, ni hii: anayetaka kuianza kazi hii asimalize nta yake kwa mishumaa mingi ya siku ya kwanza, bali asuke tambi za unene mbalimbali, achovye mshumaa mmoja mmoja wa kila namna, auwashe na kuutazama, kisha ndipo achague.