Treni Isiyonunua Mahindi

Katika picha mashuhuri kuliko zote za Mmarekani O. Winston Link, hakuna hata mtu mmoja anayeitazama treni. Ni usiku wa mwaka 1956, katika mji mdogo wa Iaeger, West Virginia. Magari yamejipanga mbele ya skrini kubwa ya sinema ya wazi, ile ambayo watazamaji hubaki ndani ya magari yao. Karibu nasi, kijana na msichana wameketi katika gari lisilo na paa, wameegemeana. Kwenye skrini kuna ndege ya jeti. Ng'ambo ya magari, treni ya mizigo inapita, na moshi mweupe umetanda juu yake. Picha inaitwa “Hotshot Eastbound”. Hotshot, katika msamiati wa reli za Marekani, ni treni ya mizigo yenye haraka, ambayo nyingine huipisha.

Wapenzi wa picha za treni huisifu kwa ufundi wake, na wana haki. Link alikuwa mpiga picha wa matangazo ya biashara kutoka New York. Kati ya 1955 na 1960 alirudi tena na tena kwenye njia za kampuni ya Norfolk and Western, iliyokuwa ikielekea kuachana na injini za mvuke. Alipendelea usiku kwa sababu jua halipangiki, lakini taa hupangika. Picha hii ilihitaji balbu zaidi ya 40, zilizounganishwa kwa nyaya na kuwaka kwa pamoja. Balbu za aina ile huungua mara moja tu. Treni ikipita na mwanga ukagoma, kazi ya siku nzima imepotea.

Hapo ndipo neno uvumilivu huingia, na hapo ndipo nina ubishi. Husemwa kwamba kupiga picha treni za mizigo ni mchezo wa watu wenye subira. Lakini subira ni za namna mbili, na ya Link ilikuwa ile ya mtu mwenye ruhusa. Kampuni ilimfungulia milango, wafanyakazi wake wakamsaidia. Alingoja kitu alichojua kuwa kinakuja.

Subira ya pili naijua kutoka huku. Naishi Rwamgasa, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, ambako reli haifiki. Ili nipige picha treni ya mizigo napanda magari mawili au matatu hadi Kahama, kisha Isaka, kwenye bandari kavu ambako mizigo kutoka Dar es Salaam imekuwa ikihamishiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Reli hii ya upana wa mita moja, inayotoka Tabora, ilifika Mwanza mwaka 1928, ikawa inashusha pamba ya Usukuma kwenda pwani. Ni njia moja tu. Treni mbili zikikutana, moja husubiri stesheni mpaka nyingine ipite, na inayosubiri aghalabu ni ya mizigo. Treni ya abiria ina saa yake, hata kama itachelewa. Ya mizigo haitangazwi. Unajua imekaribia unapoisikia honi.

Kero zake hazina mwisho. Unakaa tangu alfajiri ukiulinda mwanga wa asubuhi, treni inakuja saa saba mchana, jua likiwa utosini na kichwa kimekuwa cheusi kama sufuria la kijiweni. Au inakuja saa moja kasoro, giza likiingia. Au inakuja wakati mzuri kabisa, lakini kichwa kimefungwa kikitazama nyuma. Au lori linasimama mbele yako sekunde zile zile. Kwenye kituo kimoja mlinzi aliniuliza picha hizo nampelekea nani. Nilipomjibu kwamba ni za kujifurahisha tu, akaingiwa na wasiwasi zaidi. Nikairudisha kamera kwenye begi, na treni ikapita mbele yetu sote wawili, behewa kwa behewa, hadi la mwisho.

Mtu wa Rwamgasa hahitaji kufundishwa kungoja. Kwenye duara watu huchimba kwa miezi wakiufuata mwamba ambao huenda usitoe kitu. Mawe yakipatikana hungoja karasha, unga hungoja mwalo, na mgao hungoja dhahabu ikamatwe kwa zebaki na kuchomwa. Lakini kwenye duara anayengoja humjua kila anayengoja naye, kwa sababu wote wanadai fungu katika kitu kimoja. Hilo ndilo ninalolitafuta katika picha za treni, na mara nyingi silioni.

Chukua picha za injini za Garratt za daraja la 59 za reli za Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, na zilianza kufika mwaka 1955, mwaka ule ule Link alipoanza kazi yake. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima. Mount Gelai, namba 5918, leo ipo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mlima wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Wageni wenye kamera walizifuata injini hizi kwa miaka mingi, na bila subira yao tungekuwa na kumbukumbu chache sana. Hata hivyo, picha nyingi nilizoziona zina mpangilio mmoja: injini inakuja kwa mshazari, jua liko mgongoni mwa mpiga picha, magurudumu yote yanaonekana. Maelezo yanataja namba na jina la mlima. Dereva ni kivuli dirishani, hana jina. Mwenye mzigo kichwani kando ya reli amekatwa nusu ukingoni mwa fremu. Kwa mizani ya wapenzi wa reli, hiyo ni picha safi. Mimi naona kazi ya mtu aliyekaa saa nyingi mahali fulani bila kupatazama.

Link ana heshima yangu kwa sababu hakufanya hivyo. Katika picha zake watoto wanaogelea mtoni, gari linajazwa mafuta, na treni inapita nyuma ya maisha ya watu. Ila nilichelewa kuelewa kwa nini watu wake wengi hawageuki. Aliyenielewesha ni mama mmoja wa Isaka. Treni ya abiria ikisimama, yeye na wenzake wenye mahindi ya kuchoma, mayai na karanga hukimbilia madirishani. Ya mizigo ikiingia, hanyanyuki mtu. Nilimuuliza kwa nini haitazami hata kidogo. Akanijibu kwamba hiyo hainunui mahindi.

Kwa jibu hilo niliirudia “Hotshot Eastbound” na kuona nguvu yake, kisha nikaona udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba inajua hali ya watu wanaoishi kando ya njia ya mizigo: mali nyingi hupita mlangoni mwao kila siku, na si yao. Udhaifu wake uko kwenye ile ndege. Mwanga wa balbu uliifuta skrini ikabaki nyeupe, hivyo baadaye Link aliipachika ndege kutoka kwenye negativu nyingine. Gari walimokaa wale vijana lilikuwa lake. Wengine huuita huo udanganyifu. Sina ugomvi na kupachika. Ninachokiona ni kwamba kutogeuka kwao kulipangwa, ili wakati ujao urukao ukutane na wakati uliopita utoao moshi. Ni wazo zuri, nalo ni la Link. Yule mama wa Isaka hakupangwa na mtu.

Kwa hiyo kile tunachokihesabu kama kero yetu, kutojua treni itakuja lini, kinatupa kitu ambacho ruhusa na nyaya hazikumpa Link. Saa sita za kungoja zinatosha kumjua mwuza mahindi, mpanga mataruma, dereva wa lori anayelala chini ya tela akisubiri kontena. Anayezitumia zote kulinda pembe moja ya jua amezitupa.

Tangu mwaka 2021 inajengwa reli ya SGR kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kwa ajili ya treni za umeme. Vijana wengi watakwenda na simu zao, na picha za kwanza bila shaka zitakuwa za pua ya kichwa kipya, safi kama zile za Garratt. Wapige. Ila treni ya mizigo ya umeme nayo haitanunua mahindi, na yule mama ataendelea kuketi pale pale. Mpiga picha aombe ruhusa yake, aandike jina lake kama akikubali, na aanze kazi kabla honi haijasikika.